Watoto wa Kuazima

Pierrette hakuwa mtu wa kuona kinyaa upesi. Tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa akipasua samaki kwenye ufuko wa Nchelenge, upande wa Zambia wa ziwa, matumbo yakimmwagikia vidoleni, nzi wakimtembelea mpaka kwenye kope, na saa ya kula ikifika alikaa palepale akamega ugali wake kwa raha zake. Wanawake wenzake walimtania kwamba ana tumbo la bati. Kwa hiyo Alhamisi ile, tumbo lilipomgeuka mbele ya mwanamume aliyempenda kuliko wanaume wote, yeye mwenyewe alidhani ni malaria.

Haikuwa malaria. Yalikuwa maneno tu.

Walikuwa wamekaa nyuma ya ofisi ya Aubrey, kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi. Aubrey alikuwa naibu mkuu wa shule ya msingi ya serikali iliyo juu kidogo ya ufuko. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na alipokunja mikono ya shati lake jeupe Pierrette alisahau alichokuwa akisema. Kila Alhamisi alimletea samaki. Kila Alhamisi Aubrey alimuuliza bei, Pierrette akasema haiko bei, kisha wakacheka wote wawili na kutazama chini.

Siku hiyo hewa ilinuka rangi. Ukuta wa mbele wa shule ulikuwa umepakwa rangi mpya ya samawati. Ule wa nyuma, waliouegemea wao, ulikuwa na ukungu mweusi kama zamani.

"Kamati ya bunge inafika Jumatatu," Aubrey alisema. Alizungumza Kiswahili alichofundishwa na Pierrette mwenyewe, Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, chenye Kibemba ndani yake kama mchanga kwenye mchele. "Bantu saba, watu wakubwa, kutoka Lusaka. Wakitoka hapa wanaenda kusema bajeti ya shule iongezwe ao isiongezwe. Pi, hawajafika kwetu hata siku moja."

"Na ile karatasi yako?"

"Imekwisha. Wakuu wa shule zote sita za ufuko wametia sahihi."

Pierrette aliijua vizuri karatasi ile ya maombi kwa bunge. Wiki tatu nzima Aubrey alikuwa akimsomea, sentensi kwa sentensi, akimgeuzia kwa Kiswahili. Kwa shule yao peke yake, wanafunzi mia sita na kumi na mmoja. Walimu saba. Madawati arobaini na mawili. Tangu serikali ilipoondoa karo, watoto walikuja shuleni kama dagaa wanavyoifuata taa ya wavuvi, lakini madawati hayakuja, wala walimu. Watoto waliandika juu ya magoti. Choo kilikuwa kimoja na mlango wake ulikuwa gunia. Yote ni kweli tupu. Pierrette alikuwa amempenda Aubrey tangu kabla ya karatasi, ila kwa ajili ya karatasi ile alikuwa amempenda mpaka akaogopa.

"Sasa nini inakusumbua?" alimuuliza. "Uso wako unakaa sawa mutu wa malaria."

"Madarasa ni matupu."

"Matupu namna gani? Batoto mia sita?"

"Ziwa limefunguliwa."

Pierrette alielewa hapohapo. Miezi mitatu serikali ilikuwa imekataza kuvua ili samaki wazae. Mwezi wa Machi ulipoingia, marufuku ikaisha, na familia nzimanzima zikahamia kwenye kambi za uvuvi, kutoka Nchelenge mpaka Mununga, na watoto wao pamoja nao. Ilikuwa hivyo kila mwaka.

"Jana darasa la tatu walikuwa kumi na bane," Aubrey alisema. "Kwa karatasi ni tisini. Mheshimiwa akiingia akahesabu kumi na bane, atasema sisi wote ni waongo. Karatasi yote inakufa."

"Umwambie ziwa limefunguliwa."

Aubrey alicheka bila furaha. "Bantu ya Lusaka, Pi! Wale wanajua ziwa linafungwa na kufunguliwa kama duka?"

Akautazama mkono wake, akautazama wa Pierrette, akaushika.

"Kule kambini kwenu kuna batoto," alisema polepole. "Batoto ya Wakongomani. Hawasomi. Wanashinda kwa muchanga tu. Siku moja, Pi. Asubuhi mpaka saa nane. Darasa la tatu tu, wengine tutasema wanasoma muchana. Sare ba Kangwa amezipata."

Ba Kangwa, kwa ile "ba" ya heshima ya Kibemba, alikuwa mkuu wa shule, mzee mnene mwenye kicheko cha kukohoa. Pierrette aliuacha mkono wake palepale ulipokuwa, lakini ukawa baridi.

"Nani alifikiri hii mambo? Ba Kangwa?"

Aubrey aliugeukia ukuta wenye ukungu.

"Ba Aubrey. Nani?"

"Si wewe ulinihadithia?" Aubrey alisema kwa sauti ndogo. "Ulisema wakaguzi walikubali. Ulisema hakuna aliyejua."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Pierrette hakuwahi kumweleza mtu ila Aubrey, hata mama yake hakulijua lote. Alikuwa na miaka tisa. Walikuwa wamevuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, miezi michache tu nyuma. Asubuhi moja mwalimu wa shule fulani ya ufukoni alikuja kambini, akachagua watoto wasafi, akawavalisha sare na kuwakalisha kwenye madawati. Pierrette aliwekwa mbele kabisa. Akapewa penseli. Watu wenye mafaili wakaingia, wakahesabu vichwa, wakatoka. Pierrette alidhani ameanza shule. Alishika ile penseli kwa nguvu mpaka ikamwachia alama kwenye kidole. Saa nane wakavuliwa sare mmoja mmoja kwenye veranda, penseli zikarudi kwenye kopo. Kesho yake alfajiri akaja tena, amenawa uso, peke yake. Mwalimu yuleyule akamuuliza, "Wewe unatafuta nini hapa?" Baadaye alisoma miaka minne kwenye shule ya kanisa, chini ya turubai, basi ikaishia hapo. Lakini kila alipopita mbele ya shule yoyote, swali lile lilimkaa kooni.

Aubrey alipolisikia jambo hilo, miezi miwili iliyopita, alilia. Pierrette aliyaona machozi yake yakishuka mpaka kidevuni, akayafuta kwa khanga yake mwenyewe. Ndiyo siku aliyojua ataolewa na mtu huyu.

"Ulilia," alisema sasa.

"Nililia kweli, Pi! Naapa."

"Ulilia na huku unachukua."

"Usiseme vile. Mambo yetu ni ya kweli, si bongo, si uongo. Batoto mia sita wako, hawako tu siku hiyo! Tunaazima wengine wakae pahali pao. Ni kama mutu ameazima kiti kwa jirani, wageni wakitoka anarudisha."

"Kiti hakirudi kesho asubuhi kuuliza."

Aubrey akapiga magoti mbele yake, mchanga ukamshika suruali. Akatabasamu, lile tabasamu lake la pembeni ambalo siku zote lilimlegeza Pierrette mabega. "Ba Kangwa amesema ikienda muzuri, nyumba ya walimu ile ya bati jipya ni yangu. Yetu, Pi. Jumamosi ya wiki ijayo ba Chewe anakuja kwenu kama shibukombe. Nitamwambia mama yako nini? Nitamuoa mutoto wake nimulaze wapi?"

Shibukombe ndivyo Wabemba wanavyomwita mshenga. Pierrette alikuwa akihesabu usiku mpaka Jumamosi ile. Sasa alitazama mdomo uliotaja nyumba, shibukombe na watoto wa kuazima kwa pumzi moja, na ndipo tumbo lilipogeuka. Mate yakamjaa mdomoni, machungu.

"Mimi sileti mutoto hata mumoja," alisema. Yeye, ambaye hakuwahi kumwambia hapana hata juu ya chumvi.

Aubrey alimtazama. Akashusha pumzi. "Sawa," alisema upesi. "Sawa, Pi. Nimeacha. Nimeacha kabisa." Akambusu kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayefunga bahasha.

Pierrette akamwamini. Usiku huo alimwomba Mungu amsamehe kwa kumwonea kinyaa mtu mwema.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa akianika chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa, pamoja na mama yake, Mama Marthe, ambaye tangu Jumapili alikuwa na neno moja tu mdomoni.

"Mwalimu wa Kizambia anakuoa wewe juu ya nini? Uniambie. Mabinti ya Kibemba wamekwisha?"

"Mama, ananipenda."

"Mama yake alijifunga pua mbele yangu sokoni! Na kitambaa! Anakula samaki yetu, harufu yetu hataki. Na wewe unainamisha kichwa, ee mukwai, ee mukwai, kama mutumishi. Mimi huyu shibukombe wao nitamumwagia maji ya samaki."

"Usimwage, mama."

"Nitamumwagia."

Hapo akatokea Angèle, jirani yao wa kambini, akikimbia, kitenge kimemlegea, meno yote nje. Alimkumbatia Pierrette kwa nguvu mpaka sinia likayumba.

"Dada! Mungu akubariki! Akuzalishe mapacha!"

"Kumetokea nini?"

"Unaniuliza tena? Si wewe? Mwalimu wako amepita jana kambini mwenyewe, ninyi mukiwa sokoni, anasema Kiswahili safi, eti Pierrette ametuombea. Amechukua batoto makumi mbili na sita! Chouchou wangu yuko ndani! Niliuza sufuria juu ya sabuni na mafuta ya kujipaka, nimemusugua mpaka analia. Na wamemupa sare, dada. Sare ya shule!" Angèle alifuta macho. "Waliniambia kila siku, huyu hana karatasi ya kuzaliwa, hana pahali. Leo ana pahali."

Pierrette alisikia damu ikishuka yote mpaka miguuni. Akaona kidole chake cha kuandikia, akakificha kwenye nguo bila kujua kwa nini.

"Alisema jina langu?"

"Pierrette, Pierrette, kila nyumba. Bila jina yako nani angemupa mutoto?"

Hakungoja viatu. Alipanda njia ya shule peku, magamba ya samaki yakimng'aa mikononi, mama yake akimwita nyuma yake bila kupata jibu.

Magari matatu meupe yalikuwa yamesimama uwanjani. Pembeni kulikuwa na choo kipya cha mabati chenye kufuli, na karatasi mlangoni iliyoandikwa WAGENI. Watoto wawili wa shule walikuwa wakijisaidia kwenye majani nyuma yake. Ba Kangwa alikuwa kwenye veranda, akila soseji ya wageni kwa vidole kabla wageni hawajaikaribia. Mafuta yalimshuka mpaka kwenye saa. Alipomwona Pierrette alijifuta mkono kwenye pazia.

"Samaki leo hapana, mwana," alimwambia kwa Kibemba, akicheka na kukohoa. "Leo tuna waheshimiwa. Pita nyuma."

Pierrette hakupita nyuma.

Dirisha la darasa la tatu halikuwa na kioo. Aliwaona. Walikuwa wamebanwa wanne wanne kwenye dawati, wengine chini, sare zimewazidi, kola zina weusi wa shingo za watu wengine. Jasho la sare zile lilimfikia pale nje. Chouchou, mwenye miaka saba, alikuwa mbele kabisa. Alishika penseli kwa mikono miwili.

Mbele yao, Aubrey alikuwa akiwaeleza wabunge kwa Kiingereza, kalamu ikipita juu ya karatasi, sauti yake ya taratibu ikijaa chumba. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye miwani ya kuning'inia, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Aubrey akatabasamu lile tabasamu lake la pembeni.

Pierrette alikuwa mtu wa haya. Kanisani hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda, na sokoni aliuza hasara kuliko kubishana. Alipoingia mlangoni, alishika fremu. Kichefuchefu ndicho kilichomsukuma. Alihisi kwamba asipofungua mdomo kusema, ataufungua kutapika.

"Batoto ya kambi," alisema kwa Kiswahili. "Simameni. Tunaenda nyumbani."

Watoto ishirini na sita wakasimama kwa pamoja. Wale kumi na wanne wa Kibemba, wenye shule yao, walibaki wamekaa, wakitazamana.

Kalamu ya mwenyekiti ikasimama hewani.

"Huyu mama amesema nini?" alimuuliza Aubrey kwa Kiingereza. Hata Pierrette alielewa hilo.

Macho yao yakakutana, ya Pierrette na ya Aubrey. Hapakuwa na mwingine mle ndani, kati ya wakubwa wote, aliyejua Kiswahili. Aubrey alikijua. Alikuwa amekijifunza neno kwa neno, jioni kwa jioni, akirudia kama mtoto mpaka Pierrette acheke. *Sema kweli,* Pierrette alimwomba kwa macho. *Sema hata nusu. Nitakusamehe yote. Jumamosi nitakuwa nimevaa kitenge kipya.*

Aubrey hakupepesa.

"Anasema saa ya uji imefika, Mheshimiwa," alijibu, laini kabisa. "Ni mama wa kujitolea. Hawa ndio kundi la kwanza."

"Ooh!" wabunge wakasema. Mmoja akapiga makofi. Mwenyekiti akamgeukia Pierrette, uso umejaa wema, akamuuliza kwa Kibemba cha mjini:

"Hongera, mama. Uji wa leo mmetia karanga, au ni sukari tu?"

Lilikuwa swali dogo la adabu, na Pierrette angeweza kulijibu kwa neno moja. Akisema karanga, Aubrey atabaki naibu mkuu, nyumba ya bati jipya itapatikana, na wale mia sita pengine watapata madawati. Akisema lingine, huenda hawatapata hata msumari. Aliwatazama wale kumi na wanne. Hawakuwa na kosa. Akamtazama Chouchou, aliyekuwa amesimama, hajui kama aiweke penseli au aondoke nayo.

"Hakuna uji, mama," alisema kwa Kibemba. Sauti ilikuwa ndogo mno, mwenyekiti akalazimika kuinama. "Shule hii haijawahi kupika uji. Hawa watoto wameazimwa. Sare ni za kuazima. Saa nane watavuliwa. Mama zao wamewaogesha, wamefurahi, wanadhani leo wameandikishwa."

Nje, ba Kangwa alianza kukohoa na hakukuwa na kicheko ndani yake.

"Na wanafunzi wenyewe wako wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Ziwani. Ziwa limefunguliwa, watoto wa huku hufuata wazazi wao. Karatasi ya mwalimu haidanganyi, mama. Madawati hakuna. Ukija mwezi wa sita utawakuta wote, wamekaa chini." Aliwatazama wale ishirini na sita. "Mimi sikuja kuharibu. Nimekuja kuchukua watoto. Lakini kama mmewahesabu, waandikeni basi. Kwa majina yao. Muwahesabu na kesho."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamwambia ba Kangwa, bila kumtazama, "Leta daftari la uandikishaji."

Ba Kangwa akasema neno juu ya karatasi za kuzaliwa. Mwenyekiti akarudia, polepole, "Leta daftari."

Likaletwa. Aubrey ndiye aliyeandika. Watoto wakapita mbele yake mmoja mmoja, wakasema majina yao, na mkono wake haukutetemeka hata kwa jina moja. Pierrette aliutazama mkono ule mzuri wenye vidole virefu. Alikuwa ameubusu. Akasimama mlangoni mpaka jina la ishirini na sita, kisha akashuka ufukoni.

*

Saa kumi hivi alimwona Aubrey akija. Alishuka njia kwa hatua ndefu, tai begani, soda mbili mkononi, na moyo wa Pierrette, mpumbavu yule, uliruka kama kawaida yake. Hilo ndilo lililomchukiza kuliko yote.

"Pi! Tumepona!" Aubrey alikuwa akicheka, macho yanang'aa. "Yaani sijui ni Mungu gani! Mheshimiwa aliniita pembeni. Mimi nilifikiri kazi imekwisha leo, nafungwa. Nikamwambia, Mheshimiwa, ukweli ni kwamba tunataka kufungulia mulango batoto ya mupakani, ba Kangwa aliogopa kusema tu. Akakubali! Ameandika! Anasema ataweka mufano wetu kwa ripoti. Wananiita Lusaka, mwezi ujao, kusema mbele ya kamati yote kwa niaba ya shule zote za ufuko!"

"Ulisema ni mupango wenu."

"Nilisema wetu. Wewe na mimi. Nimekutaja, nikasema mwanamke mumoja wa hapa."

Mama Marthe alikuwa amesikia neno Lusaka. Aliacha samaki, akavuta kigoda, akakipangusa kwa kitenge chake mwenyewe, kile kizuri.

"Kaa, mwalimu. Kaa, mukwe wangu. Lusaka, kwa baheshimiwa? Weye! Pierrette, lete maji mwalimu anawe. Na ba Chewe, Jumamosi anapenda kula nini? Kuku ao samaki?"

"Mama," Pierrette alisema. "Ba Chewe asije."

"Asije namna gani? Una wazimu? Mutu ameitwa Lusaka!"

Aubrey akaweka soda chini. Tabasamu lilikuwa bado lipo, limechoka kidogo pembeni. "Pi, umekasirika juu ya jina lako. Nilikosa. Nilipita kambini, ndiyo, nisamehe. Lakini angalia mwisho wake. Batoto wameandikwa. Kile ulichotaka si umekipata?"

"Nimekipata."

"Karatasi imepona. Shule itasaidiwa."

"Ndiyo."

"Sasa kosa langu iko wapi?"

Pierrette alitafuta maneno. Hayakuwa yakimjia upesi, hayakuwahi kumjia. Aliyatafuta kama mtu anayepapasa gizani, na Aubrey alingoja, mvumilivu, mzuri wa kutazama, jua likimwangaza upande mmoja.

"Ulisema uji," Pierrette akasema mwishowe. "Nilikuwa nakuangalia. Nilijua hilo neno ni bongo, wewe pia ulijua. Na uso wako haukubadilika. Hata kope. Ni uso uleule wa siku ulipolia. Uleule wa Alhamisi, ukisema umeacha." Sauti ilianza kumkatika. "Mimi sina uso mwingine wa kusoma, ba Aubrey. Shule yangu ni ndogo. Nilikuwa najua kusoma huo mumoja tu."

Mama Marthe akarudi kwenye samaki wake.

Aubrey alisogea mpaka Pierrette akaisikia sabuni ya shati lake. Akainama ili macho yao yalingane, kama alivyofanya siku zote alipotaka kumwambia jambo la ndani. Akasema, taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote:

"Nakupenda, Pierrette."

Pierrette aliutazama uso ule kwa makini, kutoka paji mpaka kidevu. Aliutazama kwa muda mrefu, kwa matumaini yote aliyokuwa amebakiwa nayo.

Haukubadilika.